Tai wa Kwenye Kibao

Mume wangu Emilian alijifunza ndege kwenye kitabu alichosahau mgeni mmoja wa shambani, mwaka 1996, wakati huo tukichuma kahawa Oldeani. Kilikuwa kimenyofoka jalada na kurasa zote za mwanzo. Yangeyange alikuwamo, mwewe alikuwamo, basi akaamini wote ni wetu. Alikikariri kwa kamusi ya Kiingereza ya kuazima, hadi nikamwambia afunge ndoa na hicho kitabu, mimi nirudi kwetu.

Ndicho kilichompa kazi ya kuongoza watalii hapa Karatu. Siku ya kwanza, msituni kwenye ukingo wa kreta, akaona ndege mwenye kifua cha rangi ya kutu, akamtaja bila kusita: yule tai mdogo wa msituni aliyemsoma kitabuni. Wageni, ambao hawakumzidi kwa kujua, wakashangilia. Bosi wake, Silvanus, akachoresha tai huyo kwenye kibao cha kampuni, na watu wakaanza kuja kwa ajili yake.

Miaka mitano baadaye akaja mwalimu mstaafu kutoka Malesia. Alimtazama yule ndege kwa darubini, akapekua kile kitabu, kisha akamwambia Emilian kwa upole kwamba kitabu ni cha ndege wa kwao, na tai huyo ni wa misitu ya huko, Afrika hayupo kabisa. Huyu ni kipanga tu.

Mume wangu alirudi nyumbani amenyong'onyea. Nilimwonea huruma, na hasira pia. Nyumba tulikuwa tumeshaipaua kwa mgongo wa kipanga.

"Nikinyamaza mimi ni mwongo, Mama Martha," akasema. "Nikisema, tunarudi Oldeani."

Siku tatu alienda kazini, akirudi anaacha chakula mezani.

Siku ya nne nikachoka. "Nenda kamwambie Silvanus, Baba Martha. Kahawa haijamuua mtu."

Akavaa shati la kanisani, akaenda. Mimi nikashusha vikapu vya kuchumia kutoka darini, nikavikung'uta vumbi, nikijisikia mwepesi ajabu. Hata nikaimba.

Alirudi upesi mno. Akaketi mlangoni bila kuvua viatu.

"Amekufukuza?"

"Hapana. Anasema alijua ni kipanga tangu mwaka wa kwanza." Akavitazama vikapu. "Kesho saa kumi na mbili asubuhi kuna wageni wanane. Wanamtaka tai."