Kibuyu cha Maziwa na Chupa ya Dawa

Mjukuu wangu alipoanza kuvimba macho mara ya pili, nilikuwa nimempa dawa siku tisa bila kuruka hata moja. Ndiyo maana sikutulia. Ningekuwa nimeruka siku, ningejua pa kuanzia kujilaumu.

Mama yake anapikia wachimbaji huko machimboni Geita. Mtoto nakaa naye mimi hapa Isaka. Ana miaka minne. Daktari alisema figo zake zinavuja, na vidonge vya kila asubuhi ndivyo vinavyozuia. Lakini ni vichungu kama shubiri. Nikivisaga kwa kijiko, anatapika vyote. Dawa ya maji ya aina ile tuliikosa Kahama nzima, ndipo mfamasia mmoja wa mtaa wa Nyahanga, hukohuko mjini, akasema ataitengeneza mwenyewe.

Nilikaa nikimtazama. Alisaga vidonge kwenye kinu kidogo cheupe mpaka vikawa vumbi, akadondoshea sharubati nzito kidogo kidogo, akikoroga kama mtu anayeogopa uji usipate madonge. Akaongeza mpaka kwenye alama, akamimina kwenye chupa ya kahawia.

"Tikisa kila mara kabla ya kumpa, bibi."

"Sawa, mwanangu."

Niliitikia tu. Moyoni nilimwonea huruma: kijana wa mjini, maziwa ameyajulia kwenye pakiti. Mimi nimesuka maziwa kwenye kibuyu tangu utoto. Ukitikisa kibuyu, siagi inajitenga. Sasa kitu kilichochanganywa vizuri namna ile, nikitikise ili kiachane? Chupa nikaiweka kando ya mtungi, penye ubaridi, na kila asubuhi nikawa nainyanyua taratibu kama yai, nikivuta dawa kwa bomba dogo la plastiki lisilo na sindano.

Siku ya kumi kope zake zilikuwa nzito. Nilimbeba mgongoni mpaka barabarani. Malori yalipita, gari ya Kahama ikachelewa kuja. Nikakaa, nikasimama, nikakaa tena. Kila mara nilimgeuza nimwone uso.

Tulipofika, mfamasia aliinua chupa kwenye mwanga wa mlango, akaiinamisha. Nami nikaona: juu sharubati tupu, chini tope jeupe limeshikamana.

"Bibi, ulikuwa unatikisa?"

"Sikutikisa. Niliogopa itajitenga, kama maziwa."

"Hii ni kinyume chake, bibi. Ikitulia ndipo inajitenga. Siku zote hizi amekunywa sukari zaidi kuliko dawa. Na ungefika chini, bomba moja lingebeba dawa ya siku nyingi."

Nikakaa chini, nikampakata mtoto. Yeye akampigia daktari simu, mtoto akapimwa mkojo, ikatengenezwa chupa nyingine. Safari hii akanipa mimi niitikise mbele yake.

"Polepole, bibi, utang'oa kifuniko."

"Kibuyu hakijawahi kunilalamikia."

Akacheka. Mimi sikuweza.

Uvimbe ulichukua muda kushuka, lakini ulishuka. Sasa kila asubuhi nikitikisa, mtoto ananisimamia. "Bibi, siagi bado?"

"Bado, ng'wanone, mwanangu."

Akishameza, namgeuzia uso mlangoni penye mwanga. Natazama kope moja, natazama nyingine. Ziko sawa. Nazitazama tena.