Bi Ng'ambo na Darasa la Upande wa Pili

Walimu wenzake walimwita Bi Ng'ambo, naye alitabasamu kila walipomwita. Miaka yake yote ya ughaibuni aliimaliza katika nyumba ya kutunzia wazee, akiwaogesha, akiwabadilishia mashuka, akiwageuza kitandani wasipate vidonda. Mashine aliyoizoea huko ilikuwa ya kufulia. Aliporudi alisomea ualimu pamoja na vijana waliomwamkia shikamoo, akahitimu, akapata kazi ya kufundisha baiolojia. Hakumdanganya mtu. Watu walimwona ametoka mbali, wakajijazia wenyewe yaliyobaki, naye akanyamaza.

Ndipo ubao wa kugusa ulipoletwa. Skrini ilikuwa pana kama mlango uliolazwa, na juu yake kamera, ili mwalimu mmoja afundishe darasa lake na la shule nyingine kwa pamoja. Mwalimu mkuu, mama wa maneno machache, hakuuliza nani angependa kuanza.

"Bi Ng'ambo atatufungulia njia," alisema. "Haya kwake ni maji ya kunywa. Kesho, mzunguko wa damu."

Fundi alimwonyesha vitufe mbio mbio, akaenda zake. Masomo yalipokwisha, Bi Ng'ambo akajifungia darasani na ule ubao. Alibonyeza, picha ya moyo ikatokea kichwa chini. Akabonyeza tena, kioo kikawa cheusi tii. Akampigia simu dada yake.

"Dada, nimekwama. Ubao umezima."

"Kwani huko ulikokuwa hukuyaona haya?"

"Huko niliona migongo ya wazee, dada. Nilikuwa naogesha watu. Hapa wanadhani nilikuwa maabara. Kesho nitaumbuka."

"Si uwaambie."

"Niwaambie nini? Kwamba mwalimu wao anaogopa kitufe?"

Mtu akakohoa. Kikohozi kilitoka kwenye spika ya ukutani.

"Samahani, mwalimu," ilisema sauti ya mwanamume wa makamo. "Mimi ni mwenzako wa shule ya pili. Picha imekatika, lakini sauti tunaipata. Nimekuita muda mrefu, kumbe yangu ilikuwa imefungwa, nami sikujua pa kubonyeza."

Akaketi kwenye dawati la wanafunzi. "Uko na nani hapo?"

"Na darasa zima. Tulibaki kujaribu mitambo."

Usiku ule hakupata usingizi. Aliwaza kuugua, akawaza kuacha kazi, akawaza hata kurudi kule kule kwa wazee, ambako hakuna aliyemwita mwalimu. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Asubuhi akabisha hodi kwa mwalimu mkuu kabla uvumi haujabisha, akaeleza yote akiwa amesimama.

Mwalimu mkuu alizungusha kifuniko cha kalamu. "Uliwahi kusema ulikuwa maabara?"

"Sikusema, Mkuu. Wala sikukanusha."

"Basi kosa tugawane. Ila kipindi kiko palepale. Sina mwingine."

Alikuwa amejiandaa kufukuzwa. Kusamehewa kulimtisha zaidi.

Alipoingia darasani, mbele yake kulikuwa na darasa moja na kwenye skrini darasa la pili, wengine wakichekea viganjani. Walijua. Alinyoosha kidole kuugusa ubao, na moyo ule wa picha ukaruka hadi pembeni ukapotea.

Msichana mmoja wa upande wa pili akanyoosha mkono. Hakuwa akicheka. "Mwalimu, wale wazee, ulijuaje kama damu yao inatembea vizuri?"

Bi Ng'ambo alitafuta kejeli katika swali lile, hakuiona. Akaweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wake. "Hapa, chini ya kidole gumba. Usikandamize. Subiri mpigo."

Madarasa mawili yakashika vifundo, yakasubiri. "Naupata!" mmoja alisema. Mwenzake wa dawatini akadai wake haupo, akaambiwa basi ni marehemu, wakacheka. Akawaeleza jinsi mapigo ya mzee yanavyosita, yakarudi, yakasita tena, na moyo unafanya nini wakati huo. Skrini iliganda mara mbili, mara moja ikimwonyesha kinywa wazi, akaendelea kwa sauti tu.

Kipindi kilipokwisha, mwalimu wa hesabu alimngoja mlangoni. "Sisi tutakufuata kama vifaranga."

"Mimi sijui, mwalimu mwenzangu. Njoo jioni tujifunze wote."

Mwalimu wa hesabu akatazama huku na huku. "Mimi hata kuuwasha naogopa," alinong'ona.

Jioni wakaja wanne, na yule wa shule ya pili akajiunga kupitia spika. Hofu haikumwacha kwa hayo. Kipindi kilichofuata Bi Ng'ambo alitapika kwanza chooni, akanawa uso, akaingia darasani.