Mguu Mzima wa Mzee Kasmiri

Nilimstaafisha dereva kwa ugonjwa wa mguu ambao hakuwa nao. Na mimi si daktari, ni fundi magari.

Mwaka 2003, Nachingwea, bosi mmoja wa ufuta, Masoudi, aliniletea Landrover yake iliyokufa injini. Nikapachika injini na gia boksi ya lori. Mji mzima ukanipigia saluti, kichwa kikavimba.

Klachi yake ni ya mafuta. Ina pampu mbili, ya juu kwenye pedali, ya chini kwenye gia boksi, na lazima unene wake uendane. Ya chini niliikuta tayari imefungwa kwenye ile gia boksi. Ya juu nikaichomoa kwenye lori jingine bovu, nene hiyo! Sikupima. Nani anipimishe, mimi fundi?

Dereva wa Masoudi, Mzee Kasmiri, akapanda kuijaribu.

"Fundi, klachi ngumu. Naona kama nakanyaga kisiki."

Ukoo wake na wangu ni watani. Nikaona pa kujificha.

"Mguu ndio umezeeka, mtani! Nenda kijijini kwenu Likunja ukafukuze nyani, magari tuachie wanaume."

Watu hoi kwa kicheko. Yeye akacheka pia, maana mtani hakasiriki.

Nikapanda mimi. Nikakanyaga kwa nguvu zote, meno nimeyauma, usoni natabasamu.

"Mbona laini!"

Masoudi hakucheka. Alichukua ufunguo, akampa dereva mwingine.

Wiki haikuisha, dereva mpya akanijia.

"Braza, hii klachi inaua goti."

Nikafungua nikiwa peke yangu, nikazipima zile pampu. Haziendani hata kidogo. Nikatafuta ya juu iliyo nyembamba, nikafunga, pedali ikalainika. Nikamwambia nimetoa tu upepo ulioingia kwenye mafuta ya klachi.

Mzee Kasmiri sikumwambia kitu. Nilipita Likunja mara nyingi nikielekea Ruangwa mjini, nikimwona shambani kwake. Nikawa naongeza mwendo. 

Mwaka 2008 akafariki. Mtani hakosi msiba wa mtani, nikaenda. Tulipotoka makaburini, watu wakaanza kunidai utani wa msibani, wa kumwigiza marehemu, "Mtani, tuigizie dereva!"

Nikasimama. Nikasema, "Mguu wa Kasmiri ulikuwa mzima. Mimi nilifunga pampu zisizoendana, nikamsingizia."

Kicheko kikalipuka.

"Wallahi nasema kweli!"

Wakacheka zaidi. Mkristo ninayeapa kiislamu, wakaona ndiyo utani wenyewe. Nikalia, wakasema huyu mtani kiboko, hata machozi anayo.

Mjane, Mama Scholastika, akaniita ndani.

"Ulikuwa unatania?"

"Hapana, mama."

Akaufunga mlango.

"Miaka mitano, kila asubuhi, alikuwa anakaa kitandani anasukuma ukuta kwa mguu ule. Alisema ukipata nguvu atakwenda kwa Masoudi kuomba arudishiwe gari lake."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikapiga magoti.

"Toka kawachekeshe watu," akasema. "Leo ndiyo kazi yako."

Nikatoka. Wakanishangilia.

Fundi mwenzangu, gari likikataa, pima kazi yako kabla ya kumpima mtu mguu. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo, mwenyewe angali hai. Mimi nililisema kosa langu mbele ya kijiji kizima, na hakuna aliyenisikia ila mjane.