Choo Cheupe Kama Majivu

Bamama, mkunga ameniomba niwaambie yaliyonipata, hapa mnapongoja kupimwa mimba. Nitasema polepole, maana uchovu nilionao haujanitoka tangu vita ilipotuondoa kwetu. Mtanisamehe nikitaja mambo ya chooni. Nikiyaacha hayo sina cha kuwaambia.

Naitwa Uwimana. Mimi ni mtu wa Kibumba. Tulilima kabichi, karoti na viazi. Kule ni baridi, na asubuhi ukungu unakaa shambani mpaka jua lipande, nasi tunafanya kazi ndani ya ukungu huo huo. Bwana yangu Bahati alikuwa anapakia viazi kwenye malori na kusafiri navyo. Tulikuwa na binti mmoja, Solange. Mama mkwe wangu tuliishi naye kiwanja kimoja. Sikuwa mtu wa kuugua. Mimba ya Solange niliibeba nikiwa na jembe mkononi, nikajifungua, nikarudi shambani.

Vita ilipofika kwetu, Bahati alikuwa safarini upande wa Butembo. Barabara ikafungwa nyuma yake. Sisi tukakimbia kwa miguu kuelekea Goma, mimi, mama mkwe na mtoto, tukiwa na godoro moja na sufuria. Walituweka kambini, juu ya mawe ya volkano. Hema letu lilikuwa dogo sana, miguu ya mama mkwe ilikuwa inatoka nje. Hapo ndipo nilipojua kwamba nina mimba. Sikufurahi wala sikulia. Nilikaa chini tu.

Pale kambini kulikuwa na kituo cha afya chini ya turubai. Muuguzi alinipima akasema damu yangu ni kidogo. Akanipa vidonge vyekundu, vile tunavyoviita vidonge vya damu. Nilivimeza kila siku baada ya kula, siku ambazo chakula kilikuwepo.

Kisha nikaona choo changu ni cheusi. Nilikiona kwa sababu giza likiingia hatukwenda kwenye vyoo vya kambi. Vilikuwa mbali, na wanawake walikuwa wanashikwa njiani. Tulitumia ndoo ndani ya hema, na asubuhi niliimwaga. Nilipoona weusi ule niliifunika ndoo haraka. Nilifikiri nimelishwa sumu. Nikamwambia mama mkwe, naye akasema, "Usimwambie mutu. Twende kwa muganga wa kituo kwanza."

Muuguzi alitusikiliza, wala hakucheka. Alisema, "Ni zile kinini za damu zenye unameza. Ndani yake muko chuma. Mwili unachukua yenye inaweza, ingine inatoka na choo, ndiyo inakuwa nyeusi ao ya kijani yenye kuiva. Usiogope, na usiache kuzimeza."

"Siku zote hivyo?" nikamuuliza.

"Siku zote utameza. Lakini ikikuwa nyeusi yenye kunata sawa lami, inanuka damu ya kuoza, na wewe unasikia kizunguzungu, hiyo haiko ya kinini. Hiyo ni damu inatoka ndani ya tumbo. Unakuja mbio. Na ukiona rangi ingine yenye huelewe, unakuja vilevile."

Niliyashika ya kwanza, kwamba nisiogope. Ya mwisho yalinipita. Mtu aliyechoka husikia lile linalompumzisha.

Mimba ilikuwa imekua sana siku mabomu yalipoangukia karibu na kambi. Tuliondoka wakati tuko kwenye kupika, maharagwe yakabaki motoni. Vidonge navyo vikabaki hemani. Tuliingia mjini na watu wengi, tukafika mtaa wa Majengo kwa Mama Kavira, mjane wa kutoka Butembo aliyekuwa ananunua viazi vya Bahati zamani. Alituona mlangoni, akatazama tumbo langu, akasema, "Muingie. Tutabanana." Ndani kulikuwa tayari na wakimbizi wengine. Alitupa kona ya sebule.

Kule Majengo choo changu kiliacha kuwa cheusi. Kwanza kikawa cha manjano hafifu, halafu kikapauka zaidi. Mimi nilifurahi. Nilisema vidonge vimeisha mwilini, sasa ninarudi kuwa kama zamani. Sikumwambia mtu.

Halafu mwili ukaanza kuniwasha. Ulianza kwenye viganja na nyayo. Baadaye mikono, tumbo, mgongo, mpaka ndani ya masikio. Kwenye nyumba ile wengi walikuwa na upele kutoka kambini, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Mama Kavira alileta dawa ya kupaka, ile nyeupe inayochoma, tukapakwa wote kama watoto. Nguo zikachemshwa. Wenzangu wakapona, na Solange akapona. Mimi nikazidi. Nilijikuna kwa kucha, nikajikuna kwa brashi ya kufulia, nikasugua nyayo kwenye ukuta wa jiwe mpaka zikatoka damu. Sikulala. Nilikuwa nakaa nimeweka miguu ndani ya beseni la maji baridi, nikisikia milio ya silaha mbali, na sikuwaza vita wala bwana. Niliwaza miguu yangu tu.

Siku moja mama mkwe alinivua nguo, akanigeuza mbele ya dirisha, akaangalia mwili wote. "Uwimana," akasema, "upele yako iko wapi? Minaona mukwaruzo tu. Kipele hata moja siione."

Mama Kavira alisema huenda ni sumu. Alimjua mzee mmoja anayewatapisha watu waliolishwa sumu. Aliyasema kwa huruma, na mimi nilitaka kwenda. Mtu angenipa matope wakati ule ningekunywa. Lakini risasi zilikuwa zimekaribia mjini, na mzee yule alikaa upande ambao hapakupitika.

Kumwaga ndoo kulinishinda, tumbo lilikuwa zito na miguu imejaa vidonda. Mama mkwe akaichukua kazi hiyo. Mimi niliona haya sana. Kwetu mke wa mtoto ndiye anayemwagia mama mkwe, si yeye kumwagia mke wa mtoto. Asubuhi ile alitoka na ndoo, akarudi nayo haijamwagwa. Akaiweka mlangoni penye mwanga, akakaa karibu yangu.

"Jana ulikula nini?"

"Bugali na sombe, mama. Sawa nyinyi wote."

"Sombe ile yote, majani ya kijani. Sasa mbona choo yako iko nyeupe sawa jivu?"

Nilimwambia ni vidonge vilivyoisha. Akatikisa kichwa. "Kinini ikiisha, choo inarudia rangi ya choo. Hii haiko rangi ya mutu. Na mukojo yako iko sawa chai yenye kukauka kwa sufuria. Angalia hapa." Akanivuta shavu chini kwa kidole, akatazama jicho langu. Alisimama akaanza kutafuta kitenge chake cha kutokea.

Hatukutoka siku hiyo wala iliyofuata. Mapigano yaliingia mjini kabisa. Tulilala sakafuni mbali na madirisha, na mtoto tumboni, aliyekuwa akipiga teke sana, alianza kupunguza kucheza. Nilibonyeza tumbo ili anijibu. Alijibu kidogo, kama mtu anayeamshwa usingizini. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Milio ilipotulia tulimwacha Solange kwa Mama Kavira, tukaenda mimi na mama mkwe. Kituo cha afya cha karibu kilikuwa kimevunjwa mlango, hamna mtu. Tukaendelea mpaka hospitali kubwa kwa miguu, mimi nikikaa chini kila baada ya nyumba chache. Njiani tuliona yale ambayo sitawaambia leo.

Hospitali ilijaa majeruhi. Walilazwa kwenye korido, na nje chini ya turubai. Mlangoni kijana wa mapokezi aliniuliza, "Uchungu imeanza?" Nikasema hapana. "Damu inatoka?" Hapana. "Basi mama, murudie nyumbani. Leo ni benye kupigwa risasi tu." Hakunijibu vibaya, naye macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Mimi nikageuka nirudi. Nawaambia kweli, nilikuwa tayari kurudi nikalale.

Daktari mmoja akapita mbio, koti lake lina damu. Mama mkwe wangu, mwanamke wa shamba asiyezoea kusema mbele ya wanaume, alimsimamia njiani akasema kwa sauti, "Dokta, muke wa mutoto yangu choo yake iko nyeupe sawa jivu."

Korido nzima ilisikia. Nilifunika uso kwa kitenge. Lakini daktari alisimama.

"Nyeupe? Tangu lini? Na mukojo?"

"Mukojo iko nyeusi. Na anajikuna mwili yote, hana upele."

Daktari akaja akanifunua uso, akanigeuzia kwenye mwanga. Macho yangu yalikuwa ya manjano. Akaniuliza kama mtoto anacheza, nikasema kidogo. Basi akamwita mkunga, naye akanipeleka ndani.

Walinitoa damu, wakasikiliza moyo wa mtoto. Daktari alirudi baadaye, akakaa pembeni ya kitanda, nafikiri ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa siku ile. Alinieleza hivi: "Ini inatengeneza maji ya nyongo. Nyongo ikishuka tumboni ndiyo inaipatia choo ile rangi ya udongo. Yako haishuke muzuri. Inabaki ndani ya damu, ndiyo inakuwasha, ndiyo inapaka macho manjano, na inatoka na mukojo. Ku bamama bengine mimba yenyewe ndiyo inaleta hii. Wewe itakutesa. Lakini mutoto inaweza kumuua ndani, bila alama."

"Dawa iko?"

"Iko moja ya kutuliza. Hapa imeisha, na barabara imefungwa. Mimba yako imekomaa vya kutosha. Tutamutoa sasa."

Mama mkwe akauliza, "Bila kuongojea bwana yake?"

"Bila kuongojea mutu," daktari akasema.

Walinidunga sindano ya vitamini ya kuzuia damu, kwa sababu nyongo isiposhuka mwili hauipati vitamini hiyo kwenye chakula, na mama anaweza kumwagika damu wakati wa kuzaa. Kisha wakanipa dawa ya kuanzisha uchungu. Nilizaa nyuma ya pazia, na upande wa pili wanaume walikuwa wanalia kwa maumivu ya miguu yao. Sikupiga kelele. Sikuwa na nguvu ya kelele. Mkunga alisema, "Sukuma, mama," nami nikasukuma kama mtu anayesukuma lori lisilo lake.

Mtoto alitoka kimya. Walimpangusa, wakamsugua mgongo, wakamsafisha pua. Nilitazama mgongo wa mkunga, sikuthubutu kutazama mikono yake. Halafu nikasikia kitu kama kukohoa kwa paka, na baada ya hapo kilio. Kidogo, lakini kilio. Msichana. Damu yangu ilitoka nyingi, wakanibonyeza tumbo na kunidunga tena, ikasimama.

Kuwashwa kuliisha kabla hatujatoka hospitalini. Nililala, bamama. Nililala mchana na watu wakinipita juu. Manjano ya macho yalichelewa kidogo. Mama mkwe aliendelea kuchungulia kila nilichotoa, na siku aliyokuta choo cha kahawia, choo cha mtu, alikuja kuwaambia hata wagonjwa wa vitanda vya jirani. Mwanaume mmoja aliyekatwa mguu alicheka mpaka akashika kidonda chake.

Mama mkwe ndiye aliyempa mtoto jina, Riziki. Bahati alifika mtoto alipokwisha kuota meno, akizungukia Uganda, amekonda. Kibumba tulirudi mara moja tu kuangalia. Nyumba haina bati, shamba ni majani. Bado tuko Majengo.

Namshukuru Mungu. Namshukuru daktari yule, ambaye sijui jina lake, na Mama Kavira aliyetubananisha kwake. Na mama mkwe, huyo nimekosa namna ya kumshukuru. Ninampikia tu.

Nyinyi mtazame mnachotoa, hata kama choo cha mtaani ni giza. Kikiwa cheusi na unameza vidonge vya damu, usivitupe, uliza. Kikiwa cheusi cha kunata, au kina damu nyekundu, njoo mbio. Kikiwa cheupe au cha rangi ya majivu, na mkojo umekuwa mweusi, na viganja vinawasha bila kipele, usingoje vita iishe. Mtoto akipunguza kucheza, vilevile. Na mkifika mlangoni msiseme "ninaugua kidogo." Semeni rangi.

Daktari alinionya kwamba ugonjwa huu unaweza kurudi kwenye mimba nyingine. Nina mimba tena, tumbo bado halionekani sana chini ya kitenge. Viganja haviwashi. Usiku ninavigusa kuhakikisha. Ninaogopa, sitawaficha, na nimechoka kuogopa. Ndiyo maana leo nimekuja mapema, nimeketi kwenye benchi hili kama nyinyi, na nitakapoingia nitamwambia muuguzi kila kitu kabla hajaniuliza. Mama aliye mbele yangu ameitwa. Sogeeni kidogo, apite.