Dari ya Chumba cha Mama

Kila amalizapo chumba, fundi wa dari huvua ndara mlangoni, akajilaza chali sakafuni, viganja vyeupe kwa jipsamu juu ya kifua, akatazama juu kimya hata ukadhani kapitiwa na usingizi. Iwe hoteli ya Shanzu au nyumba ya Kiembeni, mazoea ni yale yale. Akisema, husema kwa sauti ya chini, kama anayechelea kuamsha mtoto. Leo Alawiya alimkuta hivyo katika chumba kipya cha mamake, chini ya dari iliyoigwa kwenye picha ya nyumba moja ya Japani aliyoituma kaka yake Sameer: dari nyeupe, inapinda taratibu kama wingu, na taa katikati.

"Bi Alawiya, mama hulalia ubavu gani?"

"Hageuki tena," alijibu. "Ni chali tu."

Hata Sameer, Alawiya hakuwa amemwambia hivyo.

Fundi akafumba jicho moja, akaiziba taa kwa kidole gumba. "Basi hii itamchoma macho. Tuihamishie pembeni, hapa katikati tumwachie wingu lake."

Kisha, bila kuinuka, akajisogeza kando polepole, kama anayempisha mtu alale.