Unga wa Mahindi, Unga wa Muhogo

Mama alizaliwa Kapolowe, karibu na misheni. Baba alizaliwa hapa Likasi, lakini babu yake alikuwa mtu wa Kasai aliyeletwa Katanga zamani kufanya kazi ya migodi, kwa hiyo kila mtu alimwita Mkasai. Walikutana katika kwaya ya parokia. Walipofunga ndoa, baba alikuwa karani kwenye kiwanda cha shaba pale Shituru, wakapewa nyumba ya kampuni: vyumba viwili vya matofali na jiko la nje, nyuma ya nyumba. Mimi ndiye mtoto wao wa kwanza, na baada yangu akaja mdogo wangu wa kiume. Pamoja nasi aliishi mama yake baba. Tulimwita kaku, kama Waluba wa Kasai wanavyomwita bibi.

Kaku alihamia kwetu mimi nikiwa bado tumboni. Mama alinisimulia mara nyingi habari ya siku ile ya kwanza. Alisonga bukari, yaani ugali, kama walivyomfundisha kwao, unga wa mahindi mtupu, mweupe, mgumu kidogo, akaifunika na kuiweka mezani mbele ya mkwe wake. Kaku aligusa kwa vidole viwili, akarudisha mkono.

"Hii njo bukari?" akauliza. "Hii ni ya kupatia bagonjwa. Mutoto yangu atakufa njaa mu nyumba yake mwenyewe."

Baba alicheka, akadhani ni utani. Mama alikwenda nyuma ya jiko akalia. Kesho yake akapiga magoti mbele ya kaku, akamwambia, "Mama, munionyeshe."

Basi kaku akamwonyesha. Maji yachemke kwanza. Unga wa mahindi utangulie, uive mpaka ile harufu ya ubichi iishe. Ndipo umimine unga wa muhogo, kidogo kidogo, na kuanzia hapo mkono usipumzike, mpaka bukari ibadilike rangi iwe kama ya majivu mepesi na ianze kuvutika, ukiinyanyua na mwiko inakufuata. Kaku alikaa kwenye kigoda kando ya mbabula, jiko la makaa, miguu ameinyoosha, akipiga kelele: "Kaza! Kaza mukono!" Kifundo cha mkono wa mama kilivimba. Lakini alijifunza, na tangu siku hiyo nyumbani kwetu tulikula bukari ya unga wa aina mbili.

Mama mwenyewe hakuipenda kamwe. Nilipokua kidogo nikaanza kukaa naye jikoni, niliona kwamba kabla ya kumimina muhogo alichota tonge moja la mahindi matupu, akaliweka kwenye kisahani nyuma ya ndoo ya maji. Hilo lilikuwa lake. Alilila akiwa amesimama, haraka, kisha akapeleka chakula ndani.

Jumapili ilikuwa zamu ya chakula cha kwao mama. Wanawake wa Kapolowe walileta sokoni samaki wa kukaushwa kwa moshi, weusi, wamekunjwa mkia mdomoni. Mama aliwapitisha kwenye maji ya moto kuondoa mchanga na masizi, akawapasua. Halafu alitwanga karanga zilizokaangwa kidogo tu, kwa sababu alisema karanga ikiungua inamtukana samaki. Nyanya, kitunguu, maji, kisha karanga, na mwisho samaki, juu ya makaa machache sana, mpaka mafuta ya karanga yapande juu yenyewe. Hakutia mafuta mengine. Kaku, ambaye alikuwa na neno juu ya kila kitu kilichotoka mkononi mwa mkwe wake, samaki huyu alimla mpaka kichwa. Kwa kuwa meno yalikuwa yamebaki machache, mama alimchambulia miiba kwa vidole, kipande kwa kipande, kama anavyofanyiwa mtoto.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukiishi. Kisha ukaja mwaka ambao watu tuliopakana nao ukuta walianza kusema kwamba Wakasai warudi kwao.

Nilikuwa na miaka tisa hivi. Sikujua "kwao" ni wapi. Baba hakuwa amewahi kufika Kasai hata siku moja. Lakini asubuhi moja alirudi kutoka kazini kabla ya jua kufika kichwani, akavua viatu, akakaa kitandani. Jirani aliyekuwa ameazima kinu chetu alikirudisha, akakiweka mlangoni, akaondoka bila salamu. Baadaye mawe yakaanza kuanguka kwenye bati letu. Familia za Wakasai zikabeba magodoro na vyungu, zikaenda gare, kituo cha treni, kungoja treni ya kuwapeleka. Kaku akasema, "Minye naenda. Sitaki kufia mu nyumba ya kuchomwa."

Wajomba wawili wakaja kutoka Kapolowe. Mkubwa wao alisimama sebuleni, kofia kichwani, akamwambia mama mbele ya baba, "Weye ni mutoto wa hapa. Hautaenda. Na batoto ni betu."

Mama alimtazama baba. Baba alitazama sakafu.

"Babakie hapa," akasema. "Kule minye mwenyewe sijui kama nitafika. Nitababeba namna gani?"

Mama aligeuka. Alikwenda jikoni akaanza kupika, ijapokuwa hakuna aliyekuwa na njaa.

Baba na kaku walihamia gare. Treni haikuja. Watu walilala kwenye reli, chini ya maturubai na mashuka yaliyofungwa kwa kamba, na msimu wa mvua ulikuwa umeanza. Kila siku mama alipika, akafunga chungu kwa kitenge, akakibeba kichwani, mimi nikafuata na sahani. Tulitembea kutoka Shituru mpaka mjini. Njiani watu walimtupia maneno. Yeye alitembea kana kwamba anakwenda misa. Siku hizo hakuwa tena akijichotea tonge lake. Alisonga bukari ya kaku kwa nguvu zake zote, na kila ninapoukumbuka uso wake juu ya kile chungu naona jasho tu, sioni machozi.

Watoto walikuwa wakikohoa pale gare. Kila tulipofika tulikuta watu wachache wakirudi kutoka makaburini. Kaku alishikwa na homa, akakataa chakula. Mama akatafuta samaki wa Kapolowe, sijui alimpata wapi kipindi kile, akapika kama Jumapili. Alikaa kwenye mawe ya reli, akakiweka kichwa cha kaku pajani, akamchambulia miiba. Kaku alimeza mara mbili, kisha akafunga mdomo.

"Basi," akasema. Alimshika mama mkono, ule wa kusongea. "Muke wa mutoto yangu. Minye nilikutesaka."

"Hapana, mama."

"Nilikutesaka. Lakini bukari yako ni muzuri."

Alikufa kabla ya treni kufika. Tulimzika hapa hapa Likasi, katika mji ambao watu walikuwa wamemwambia si wake.

Siku nyingine tulifika na chungu kikiwa bado cha moto, tukakuta mahali alipolala baba ni patupu. Kulikuwa na majivu, na kipande cha turubai kilichochanika. Mwanamke wa familia ya jirani, aliyekuwa bado anangoja zamu yao, alituambia treni ilikuja asubuhi, watu walipandana kama mawimbi, na baba alivutwa juu na wenzake kabla hajaweza kukataa wala kukubali. "Alikuwa anaangalia huku," akasema yule mwanamke, akionyesha barabara ya Shituru. "Alikuwa anaangalia sana."

Mama alisimama na chungu kichwani. Nilimwogopa. Kisha akakishusha, akafungua kitenge, akawaambia watoto wa yule mwanamke, "Kuleni. Iko moto."

Tulingoja pale mpaka walipomaliza, ili turudi na chungu chetu.

Nyumba ya kampuni ilikuwa ya mfanyakazi, na mfanyakazi hakuwepo tena. Tulipanga chumba Kikula. Mama akalima majani ya viazi vitamu kando ya kijito, akawa anayauza sokoni, na yale yaliyokauka pembeni tuliyala wenyewe. Bukari ilirudi kuwa nyeupe. Siku ya kwanza mdogo wangu aliisukuma, akauliza muhogo uko wapi. Mama akamwambia, "Wenye kukula muhogo baliisha kwenda." Hakusema kwa hasira. Mdogo wangu akala.

Miaka ikapita. Msafiri mmoja akaleta habari kwamba baba yu hai, yuko Mbuji-Mayi. Mwingine, baadaye, akaleta habari kwamba ameoa na ana watoto. Mama alikuwa akichagua mawe kwenye mchele. Aliendelea kuchagua. "Mwanaume hajue kujipikia," akasema, na tangu hapo hatukuzungumza habari hiyo. Pete yake hakuivua. Wanaume wawili walikuja kumposa kwa heshima. Wote aliwapa chai, akawaaga.

Mimi nilisoma, nikawa mwalimu wa shule ya msingi. Mdogo wangu alikwenda Kakanda kuchimba madini, na mpaka leo yuko huko, anakuja mara moja moja, mikono imepasuka. Mama anakaa kwangu.

Mwaka jana, baada ya misa, mwanamke kijana alisimama kwenye lango letu. Alivaa kitambaa cheusi kichwani. Kabla hajasema kitu niliona paji la uso la baba, na nikamwita mama.

"Minye ni mutoto ya papa yenu," yule mgeni akasema. Mume wake, dereva wa malori, alikuwa amepata kazi upande huu, naye alikuwa ametutafuta kwa kuuliza parokia kwa parokia.

"Iko muzima?" mama akauliza.

"Aliisha kufa, mama. Inapita myezi."

Mama alishika lango kwa mikono miwili. Kisha akalifungua. "Ingia. Ulikula?"

Alikula wali na maharage, tulichokuwa nacho siku hiyo. Akatueleza ugonjwa wa baba, tumbo, jinsi alivyokonda. Akasema mwishoni alikuwa akiomba samaki wa karanga. "Mama yangu alijaribu mara mingi. Anaonja, anasema hapana, siyo hii. Mama yangu alikuwa analia mu jiko." Alisukuma sahani kando. "Nilikuwa nataka kuona nani alikuwa anaipika."

Mama alitandika mkeka chini siku ile ile. Aliniambia tutafanya matanga. Nilituma habari Kapolowe, na mjomba yule mkubwa, mzee sasa, akaja na fimbo yake, akakataa kukaa.

"Utalilia muntu alikuacha? Muntu alioa muke mwingine?"

"Hakuniacha," mama akasema kutoka pale mkekani. "Mulimufukuza."

Katika maisha yangu sikuwahi kumsikia akimjibu kaka yake. Mjomba alimtazama yule dada yetu mgeni, akatutazama sisi. Kisha akatoka. Hakurudi, na hakuna hata mmoja wa upande wa mama aliyekuja.

Desturi inasema mfiwa asiguse moto. Wanawake wachache wa parokia waliokuja walijaribu kumzuia, lakini mama alinyanyuka akaenda kwenye mbabula. Alimpika samaki mwenyewe. Aliniambia ninunue unga wa muhogo, na nilipouleta aliunusa kwa muda mrefu. Mkono wake haukuwa tena na nguvu. Dada yangu mgeni alishika chungu kwa kitambaa, nami nikamalizia kusonga. Bukari ilitoka na madonge. Mdogo wangu, aliyekuwa amefika kutoka Kakanda na udongo bado kwenye viatu, alikaa karibu na mlango akila bila kuinua kichwa. Dada yetu alitia tonge kwenye mchuzi, akaonja, akaweka mkono usoni.

Tulikuwa tumepikia watu wengi. Sehemu kubwa ya chakula ilibaki, tukaipeleka kwa majirani, na wengine waliipokea bila kuuliza ni ya nani.

Tangu matanga yale mama hapiki. Mwanzoni nilidhani ni uchovu. Kisha siku moja nikakuta amempa dada yangu kinu, vyungu na ule mwiko mrefu, vimefungwa tayari kwa safari. "Minye nilimaliza," akaniambia. Dada yangu alipika kwake Kolwezi, akanipigia simu kuuliza maji kiasi gani, karanga kiasi gani. Nikamjibu kadiri nilivyojua. Nilipomwomba mama azungumze naye alitikisa kichwa.

Sasa napika mimi, nikirudi shuleni, kama umeme upo au makaa yapo. Mama anakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha. Nampelekea sahani, anasali kwanza, anakula polepole. Juzi niliweka chumvi mara mbili kwa kusahau. Watoto wangu walipiga kelele, wakakimbilia maji. Nikageuka haraka kumwangalia.

"Mama, acha. Iko na chumvi ya kupita."

"Iko muzuri," akasema, akaendelea kula, macho yake yakiwa nje, barabarani.