Besi ya Sosthène Isiyo na Freti

Sosthène hakuwa mtu wa kutazamwa mara mbili. Mfupi, mabega chini, koti lile lile alilogawiwa alipofika huku ughaibuni mwaka 2011 bado analo mgongoni. Kazi yake ilikuwa katika ghala moja kule Eagan, kuzungushia mizigo plastiki akiwa amesimama kutwa nzima, na vidole vyake vilikuwa vimepasuka kwa ukavu wa baridi. Mimi Rachelle nilikuwa mwimbishaji wa korali yetu mtaani Phillips, na mwimbishaji hana muda wa kumtazama mpiga besi, lile gitaa la sauti nzito. Ndivyo ilivyo. Mkitaka kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, tafuteni msimulizi mwingine.

Nilimjua tangu kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Kule alijitengenezea besi ya ubao wa kitanda na nyuzi za breki za baiskeli. Shingo yake ilikuwa laini tupu, haina freti, vile vichuma vyembamba vinavyopangwa kwenye shingo ya gitaa ili kidole kijue sauti ilipo. Yeye alitafuta sauti kwa sikio, akitelezesha kidole, na uzi ukalia kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya kilima. Miaka tisa alipiga hivyo. Kwa ubao huo alimpata mke wake, Uwamariya, na kwa ubao huo alimuaga, maana faili la safari la Uwamariya lilikwama, na Sosthène akapanda ndege na binti yao Reine peke yao. Msiniulize faili lilikwama wapi. Hata wenye ofisi hawajui.

Huku alikuta besi ya kanisa, ya dukani, ina freti zake zote. Aliipiga vizuri, hakuna aliyelalamika. Yeye tu ndiye aliyesema siku moja, "Dada Rachelle, vichuma hivi vinanikatiza maneno." Nikamwambia ashukuru Mungu kwa umeme, mengine ni maringo.

Septemba ya 2014 nilimwomba anisindikize Blaine, huko kaskazini ambako bila gari wewe si mtu. Nilikuwa nimeona tangazo la kitanda cha mtoto, nikahitaji mgongo wa kukibeba. Tulimkuta bibi mmoja wa Kizungu, Margaret, amepanga vitu vya marehemu mume wake mbele ya gereji: mabuti, misumeno, koleo la theluji. Mimi nikaenda moja kwa moja kwenye kitanda. Sosthène akasimama njiani.

Besi ilikuwa imelazwa juu ya meza ya kupigia pasi. Mbao ya rangi ya kahawa iliyokolea, imepigwa msasa mpaka inateleza, haina jina la kiwanda popote. Shingo yake haikuwa na kichuma hata kimoja. Nikasema, "Papa Reine, achana nayo, haijamalizika hiyo." Hakunisikia. Aliipakata, na kwa kuwa pale nje hapakuwa na umeme, akalaza shavu juu ya mbao, taya limegusa kabisa, ili asikie kwa mfupa. Akavuta uzi, akatelezesha kidole. Mimi nilikuwa mbali, sikusikia kitu. Nilichoona ni machozi yakimtoka mwanamume mzima mbele ya wazungu, na nikaona aibu.

Margaret akaja na kikombe chake cha kahawa. Nilitafsiri mimi, kwa hiyo siwezi kusema sikujua. Alisema mume wake alikuwa seremala, aliitengeneza kwa mikono yake kwa majira mawili ya baridi, na alikusudia isiwe na freti. Alitaka kidole cha mpigaji kiamue sauti inakaa wapi, hata kama tofauti ni unene wa unywele. Watoto wake hawakuitaka. Sosthène akatoa kila kilichokuwa mfukoni, na Margaret akakipokea bila kukihesabu. Kitanda kikafungwa juu ya gari. Besi ikakaa mbele, juu ya mapaja ya Sosthène, na mkanda wa usalama akaupitisha juu yake. Mimi mwenyewe wanangu sijawahi kuwafunga kwa uangalifu ule.

Loo, mtu alibadilika! Akirudi kutoka Eagan ananawa, anapaka mikono mafuta, anaketi kwenye kiti cha jikoni na besi yake. Hata mwendo wake ulibadilika. Alianza kunisalimia yeye kwanza. Reine, aliyekuwa na miaka kumi na miwili na kumjibu baba yake kwa Kiingereza tu, alisema kwa Kiingereza hicho hicho kwamba kitu kile kinaongea kama watu wa nyumbani. Jumamosi asubuhi, ambayo kambini ni jioni, Sosthène alimpigia simu Uwamariya, akaiweka mezani, akampigia besi bila kusema neno. Siku moja nilikuwepo, nimefuata sufuria yangu. Nilisikia sauti ya Uwamariya kwenye simu: "Hapo. Rudia hapo." Akarudia. "Enhe, hapo hapo." Mume na mke, miaka mitatu hawajaonana, wanaonyeshana mahali. Nilichukua sufuria nikatoka bila kuaga.

Kanisani ndiko kulikotokea balaa. Habiyaremye, prezida wa korali, yaani mwenyekiti wetu, alipanga wimbo wa maombolezo wa kufungulia ibada: sauti yangu na besi ya Sosthène, basi, wengine wote kimya. Eh! Watu walilia. Kina mama waliokuwa wamesimama walitafuta viti. Miaka mingi nilikuwa nahangaika na sauti za juu, na sasa nilipanda bila woga. Nikajiambia, Rachelle, hatimaye umekomaa.

Lakini baada ya ibada walimfuata nani? Mimi? Thubutu! Walimzunguka Sosthène kama nzi na embe. "Papa Reine, umetufikisha nyumbani." "Papa Reine, kile kitu kina roho." Mimi nimesimama kando na kitenge changu kipya nashika kikombe cha chai, na mama mmoja akaniambia, kwa moyo mweupe kabisa, "Na wewe pia umeimba." Na mimi pia! Mwaka mzima ikawa hivyo, kila Jumapili. Niliona wivu, nauita kwa jina lake. Nilimchukia yule mwanamume kwa sababu hakuwahi kunifanyia kosa.

Januari 2016 baridi ilikuwa ya kupasua mbao. Sosthène alikuwa anapanda basi, akaogopa besi isije ikapata ufa kituoni. Akaiacha stoo ya kanisa kwa majuma machache, na ufunguo wa stoo nilikuwa nao mimi. Katika majuma hayo kamati ya korali ikakaa, maana Februari tulikuwa na sikukuu na wageni wa kutoka Iowa.

Habiyaremye akasema, "Jamani, wageni watatucheka. Mpiga besi wetu anapiga kitu ambacho hakijamalizika, kama kule kambini. Tumetoka kwenye ubao, tunarudi kwenye ubao? Mimi nasema tumpe zawadi. Tumuwekee freti, asijue mpaka siku yenyewe."

Wote wakapiga makofi. Na nia yao ilikuwa njema, hilo ndilo baya zaidi. Sisi tuliotoka kambini hakuna tunachokiogopa kama kuonekana tumetoka kambini. Mgeni akibisha hodi, chungu chenye ufa kinafichwa chini ya kitanda, hata kama ndicho kinachopika vizuri kuliko vyote.

Kisha akanigeukia. "Rachelle, wewe ulikuwepo siku ya kuinunua. Ni kweli haikumalizika?"

Jibu lilikuwa mdomoni, tayari kabisa. Nikawaona tena wale watu wamemzunguka, nikaisikia tena ile "na wewe pia".

Nikasema, "Aliyeitengeneza alifariki."

"Masikini. Basi tuimalizie sisi," akasema Habiyaremye, na akafunga kikao kwa sala.

Jumatatu ya juma la sikukuu niliipeleka mwenyewe kwa fundi wa magitaa, Saint Paul, jina lake Cyrus. Aliigeuza geuza muda mrefu kama daktari na mtoto mchanga. Akaniuliza ni ya nani. Nikasema ni ya korali. Akauliza kama mpigaji anajua. Nikasema ni zawadi. Akaeleza kwamba freti hazibandikwi, lazima aikate shingo kwa msumeno, mkato kwa mkato, na akishakata haitarudi kuwa ilivyokuwa. Aliniambia niende nikafikiri, nirudi kesho.

Nikasema, "Kata." Hakuna aliyenilazimisha.

Siku ya sikukuu kanisa lilijaa mpaka kwenye ngazi. Habiyaremye akamwita Sosthène mbele, akamkabidhi besi imefungwa kwa kitenge. Sosthène alicheka kidogo kwa haya, hakuelewa kwa nini anapewa kitu chake mwenyewe. Akafungua. Freti ishirini na mbili, zinang'aa kama meno mapya. Vigelegele vikapigwa. Alipitisha kidole gumba kutoka juu mpaka chini ya shingo, polepole, na kidole kikawa kinagonga, kinagonga, kinagonga.

Kwetu zawadi ya mbele ya watu haikataliwi, na anayepewa lazima aseme. Akapewa maikrofoni. Aliishika kwa mkono mmoja, mwingine bado uko kwenye shingo ya besi, na watu wakadhani amezidiwa na furaha, mtu mmoja akapaza sauti, "Haleluya!"

"Ninashukuru kamati," akasema. "Mmenijali. Mungu awabariki."

Nilimtazama usoni nikaona ameshaelewa mambo yote: kwamba shingo imekatwa, na kwamba hawezi kwenda kuzing'oa zile freti bila kuitukana korali nzima. Atazipiga mpaka azeeke. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Ukafika wimbo wetu. Mstari wa kwanza ulikwenda salama. Mstari wa pili nikapanda juu, nikatua, na besi ikatua mahali pengine. Si mbali, ni kama mlango usiofunga vizuri. Nikadhani amekosea. Nikapanda tena, nikaongeza nguvu, ndipo ikawa mbaya hasa, sauti yangu huku na besi kule, zinagombana mbele ya wageni. Mama mmoja wa Iowa akainamia viatu vyake. Nyuma yangu nikasikia mtu wa alto, kundi la sauti ya chini, akivuta pumzi kwa meno. Habiyaremye akanyanyua mikono, akaingiza korali nzima kabla ya wakati, na wakanifunika.

Nilimfuata stoo nikiwa nimewaka moto. Alikuwa ameketi juu ya boksi la vitabu vya nyimbo, besi ipo mapajani.

"Papa Reine, umenivua nguo mbele ya wageni! Unanilipiza?"

"Nikulipize nini, Dada?"

Hakuwa anajua. Mpaka leo hajui ni nani aliyesema kata. Nikasema, "Umepiga vibaya. Umenipotezea sauti."

"Nimepiga palipo na sauti, Dada. Vichuma hivi haviniruhusu kukaa pengine."

"Mbona siku zote tulikuwa sawa?"

Akaninyanyulia macho. Alikuwa anatafuta namna ya kulisema lisiume, nilimwona akiitafuta, na hakuipata.

"Siku zote unashuka, Dada Rachelle. Ukipanda juu, hufiki pale penyewe, unashuka kidogo. Mimi nilikuwa nakisogeza kidole, nashuka na wewe, ili tukutane."

"Mwaka mzima?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na hukuniambia?"

"Ulikuwa na furaha," akasema. "Sikuona ubaya."

Ningeweza kumwambia yangu pale pale. Alikuwa amenipa nafasi bila kujua, mlango umefungwa, wawili tu. Nikamwambia afanye haraka nifunge stoo.

Machi nilihamishiwa alto, mstari wa nyuma, kwa maneno matamu sana ya kamati. Sosthène bado anapiga kila Jumapili, na watu wanasema besi imekuwa nzuri zaidi tangu imalizwe. Hakuna aliyeuliza ule wimbo wa maombolezo ulikwenda wapi.

Reine ndiye aliyenipa habari, siku nimempa lifti kutoka shuleni. Sikumuuliza, alianza mwenyewe, kwa Kiingereza, huku anatazama dirishani. Alisema Jumamosi baada ya sikukuu baba yake alimpigia mama simu kama kawaida, akapiga besi kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mama alisikiliza yote. Kisha akauliza ni nani huyo anayepiga, na baba yuko wapi.